Motokaa ya Fahari na Sadaka ya Maskini

Muhula uliopita chama chetu cha mijadala kilijadili hoja hii: "Motokaa ya fahari haiwezi kuwa sadaka ya maskini." Wasemaji wa pande zote mbili walinguruma. Mmoja wa upande wa hoja aliuliza, "Je, Bwana Mwenyekiti, sisi tunaotoka Dzaleka tutakula magurudumu?" Watu wakacheka, wakapiga makofi, lakini mwisho hoja ilishindwa kwa kura 4 tu. Mimi siku hiyo nilikuwa mshika saa, na mshika saa hana ruhusa ya kusema. Hata hivyo niliona kwamba wengi walipiga kura pasipo kujua jinsi jambo lenyewe linavyofanyika. Kwa hiyo nimeona yafaa nilieleze katika kurasa zetu hizi za Kiswahili, ili wanafunzi wenzangu wapate kujua, nao kaka zetu wa zamani, ambao wengine sasa wana mishahara na magari, wapate kufikiri.

Kwanza yatupasa kujua ni motokaa ya namna gani tunayoisema. Ukisimama kando ya barabara mjini Lilongwe, kwa saa chache tu utahesabu mamia ya magari. Mengi yake yalitumiwa kwanza Japani miaka kadha, kisha yakauzwa, yakapakiwa melini, yakashushwa Dar es Salaam au Durban, ndipo yakaendeshwa hadi hapa Malawi. Gari la namna hiyo hupungua thamani kila mwaka upitao, mpaka siku moja linauzwa vipande vipande. Lakini ziko motokaa chache duniani ambazo kadiri zinavyozeeka ndivyo bei yake inavyopanda. Nyingi kati ya hizo ni motokaa za mbio, na matajiri huzitafuta kama vile wengine watafutavyo stempu za zamani au sarafu za kale.

Mambo matatu huipa motokaa thamani hiyo. La kwanza ni uchache: ziliundwa ngapi, na zimebaki ngapi. La pili ni uzima wake wa asili, maana yake injini iwe ileile iliyotoka nayo kiwandani, na namba zilizogongwa katika injini na chasisi zipatane na zile zilizoandikwa katika vitabu vya kiwanda. La tatu ni historia: nani aliyeiendesha, ilishindana wapi, na je, barua na hati zake zipo? Motokaa isiyo na hati ni kama mtu asiye na cheti. Huenda asemayo ni kweli, lakini nani atamwamini?

Mfano mkubwa kuliko yote ni motokaa ya Mercedes-Benz iitwayo 300 SLR Uhlenhaut Coupé. Ziliundwa mbili tu, mwaka 1955, na kampuni ikazitunza miaka yote hiyo. Tarehe 5 Mei 2022 kampuni iliuza moja kati ya hizo mbili mjini Stuttgart, Ujerumani, kwa euro milioni 135. Hakuna motokaa nyingine iliyowahi kuuzwa mnadani kwa bei hiyo. Fedha hizo hazikurudishwa kiwandani kuunda magari mengine, bali zilitengwa ziwe mfuko wa kuwasaidia vijana katika elimu na kazi za kuhifadhi mazingira.

Sasa na tuangalie jinsi sadaka hiyo inavyokwenda. Wengi hudhani kwamba mtajiri huwapelekea maskini ufunguo, naye maskini huketi nyuma ya usukani. Sivyo. Mwenye motokaa huikabidhi kwa chama cha hisani pamoja na hati zake zote. Chama humwita mthamini, mtu aliyesomea kazi hiyo, aikague na kusema yaweza kufikia bei gani. Kisha motokaa hupewa dalali mwenye jina. Dalali huipiga picha, huchapa kitabu chenye habari zake, naye huwapelekea watu wa nchi nyingi. Siku ya mnada wanunuzi hushindana, wengine wakiwa ukumbini na wengine kwa simu, mpaka nyundo inapogonga meza. Dalali huchukua ujira wake, ingawa mara nyingine huusamehe kwa sababu ya hisani. Kinachobaki huenda kwa chama, nacho ndicho kinachonunua dawa, matofali au vitabu. Basi mnaona kwamba maskini haipati motokaa kamwe. Anachopata ni kile ambacho motokaa imegeuzwa kuwa.

Nitatoa mifano michache inayojulikana. Tarehe 15 Novemba 2017 kampuni ya Lamborghini ya Italia ilimletea Baba Mtakatifu Fransisko zawadi ya motokaa mpya aina ya Huracán. Ilikuwa nyeupe yenye mistari ya manjano, kufuata rangi za bendera ya Vatikano, nayo yaweza kukimbia kilometa 320 kwa saa. Baba Mtakatifu aliibariki, akatia sahihi yake kwa mkono juu ya boneti, wala hakuifanya ya kutembelea. Ilipelekwa mnadani Monaco, na tarehe 12 Mei 2018 ikauzwa kwa euro 715,000. Bei hiyo ni zaidi ya mara tatu ya bei ya motokaa ya aina hiyo isiyo na sahihi. Fedha zilikusudiwa kazi za namna tatu: kusaidia Wakristo wa Uwanda wa Ninawi nchini Iraki warudi na kujenga upya makwao palipoharibiwa na vita, kuwasaidia wanawake waliokuwa wameuzwa na kutumikishwa, na kusaidia vyama viwili vya Italia vinavyofanya kazi katika Afrika, kimoja cha madaktari wapasuaji wa mikono, na kingine kinachowahudumia hasa wanawake na watoto wa Afrika ya Kati.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 Baba huyohuyo alipewa pikipiki ya Harley-Davidson. Aliitia sahihi, na Februari 2014 ikauzwa Paris kwa euro 241,500. Fedha zilikuwa za kutengeneza nyumba ya kulala wageni maskini na jiko la chakula karibu na stesheni kuu ya Roma. Nyuma zaidi, Desemba 1964, Papa Paulo wa Sita alipozuru Bombay, India, alitumia motokaa nyeupe ya Lincoln. Alipoondoka alimwachia Mama Teresa. Mama huyo hakuipanda hata siku moja. Aliifanyia bahati nasibu, watu wakanunua tikiti, na fedha zikasaidia kujenga makazi ya wagonjwa wa ukoma. Angaliisha kuiuza kwa mtu mmoja, angalipata bei ya motokaa moja. Kwa kuuza tikiti kwa wengi alipata zaidi.

Makampuni nayo yamejifunza njia hiyo. Kampuni ya Ferrari iliahidi kuunda motokaa 499 tu za aina ya LaFerrari. Tetemeko la ardhi lilipobomoa miji ya katikati ya Italia mwezi wa Agosti 2016, kampuni iliunda moja zaidi, ya 500, kwa ajili ya walioathirika. Iliuzwa Marekani Desemba mwaka huohuo kwa dola milioni 7.

Hapa msomaji atauliza, "Kwa nini mtu asiuze motokaa yake mwenyewe kimyakimya, kisha akatoa fedha?" Ni swali zuri, na lina majibu matatu. Jibu la kwanza ni kwamba jina la kazi njema hupandisha bei. Mnunuzi ajuaye kwamba fedha zake zitajenga nyumba ya watu hukubali kuongeza, na magazeti huandika habari zake bure. Jibu la pili ni kodi. Katika nchi kama Marekani, mtu akitoa gari kwa chama cha hisani kilichoandikishwa, sheria humruhusu kupunguza mapato yanayotozwa kodi. Zamani watu walitaja bei kubwa za uongo ili wapunguziwe sana. Kwa hiyo tangu mwaka 2005 sheria hiyo imekazwa: chama kikiuza gari pasipo kulitumia, mtoaji kwa kawaida hawezi kudai zaidi ya fedha zilizopatikana hasa katika mauzo. Jibu la tatu ni kwamba mara nyingine mtoaji naye alipewa, kama Baba Mtakatifu, wala hakuwa na haja nayo.

Basi nije kwenye swali la magurudumu, maana lilisemwa kwa mzaha lakini si la mzaha. Kwa wale wasioijua, Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilometa 40 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi, nao walitoka hasa Kongo, Burundi na Rwanda. Kambi ilikusudiwa watu elfu kumi na kitu. Sasa wamo zaidi ya 50,000. Kiswahili tunachokiandika hapa ndicho tunachonunulia nyanya sokoni kule.

Chukueni kalamu tufanye hesabu. Tuseme fedha zote za motokaa ile ya Baba Mtakatifu, euro 715,000, zingaliletwa Dzaleka na kugawiwa watu 50,000 sawasawa. Kila mtu angalipata euro 14 na senti 30. Motokaa iliyowashangaza matajiri wa Monaco, ikigawiwa mkononi kwetu, ni mafuta ya kupikia, unga na sabuni kwa muda mfupi, halafu basi. Sisemi kwamba unga si kitu. Mtu mwenye njaa haambiwi angoje. Lakini ni dhahiri kwamba msemaji wetu alikuwa na haki kwa nusu: fahari ya mtu mmoja, hata iwe kubwa namna gani, ni ndogo mbele ya haja ya watu wengi.

Nusu ya pili ndiyo aliyoisahau. Fedha zilezile zisipotawanywa, bali zikikusanywa katika kazi moja yenye jina, hudumu. Mfano upo Kenya, nao pia ni wa magari, ingawa huko gari halitolewi bali hutumiwa kuchangisha. Tangu mwaka 1989 kila mwaka hufanyika mashindano yaitwayo Rhino Charge. Madereva hupita porini pasipo barabara, na kila mshindani huleta michango aliyoikusanya. Kusudi la kwanza lilikuwa moja tu, kujenga uzio wa kuzunguka msitu wa milima ya Aberdare, ili vifaru walindwe na mashamba ya wakulima yasivamiwe na wanyama. Watu walichanga mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2009 uzio huo, wenye urefu wa kilometa 400 hivi, ukakamilika. Hakuna mchango mmoja ambao ungaliweza kuujenga. Ulijengwa kwa sababu kila mtu alijua shilingi yake inakwenda kwenye nguzo ipi.

Kinyume chake tumekiona hapa Lilongwe. Mwaka 2013 serikali ya Malawi, wakati wa Rais Joyce Banda, iliuza ndege ya rais kwa dola milioni 15. Watu wengi walifurahi, kwa maana nchi ilikuwa na shida nyingi, na ndege ile ilikuwa imenunuliwa mwaka 2009 huku wengi wakinung'unika. Lakini baadaye maswali mengi yalizuka juu ya jinsi fedha zile zilivyotumika, na maelezo yaliyotolewa hayakuwaridhisha wote. Simhukumu mtu, kwani mimi ni mwanafunzi tu. Nasema hivi: kuuza kitu cha fahari ni nusu ya kazi. Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari."

Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya mapapa na marais tu. Baba mdogo wangu ni fundi baiskeli pale Dzaleka. Mwaka 2022 jirani yetu alipata nafasi ya kuhamia Kanada pamoja na jamaa yake. Alikuwa na baiskeli ya mbio aliyopewa na mgeni mmoja, yenye magurudumu membamba kama kidole na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Siku ya kuondoka aliileta kwa baba mdogo, akamwambia, "Fundi, hii iwe msaada wa ada za watoto wa mtaa huu." Watoto tulikuwa wengi, na baiskeli ilikuwa moja. Kila mmoja alitaka kuipanda. Kwa barabara za Dzaleka, zenye mawe na mashimo, isingalimaliza juma moja.

Baba mdogo aliifuta, akaitia mafuta, akaitundika juu ukutani, hata akachukiwa na watoto. Wanunuzi watatu walikuja, akawakatalia, kwa kuwa walitaka kuinunua kama chuma chakavu. Baada ya miezi mitatu alipata kibali cha kwenda Lilongwe, akaipeleka kwa bwana mmoja apendaye mashindano ya baiskeli, mtu ajuaye jina lililoandikwa kwenye fremu. Bei aliyopewa ilinunua baiskeli mbili imara za mizigo, na chenji ikabaki. Baiskeli hizo zikawa kabaza, za kubebea abiria. Kila jioni vijana waliozipanda walileta sehemu ya mapato, naye baba mdogo akaandika katika daftari mbele ya wazee wawili. Wazee walitia sahihi, na asiyejua kuandika alitia dole gumba.

Kulikuwa na siku za ugomvi. Mama mmoja alidai fedha zigawiwe palepale, kila nyumba ichukue chake, kwa kuwa mtoto wake alikuwa mgonjwa na fedha zimekaa ndani ya kopo. Hakuwa mwovu, shida ilimsukuma. Wazee walikaa, wakamkopesha kutoka kopo lilelile, na mkopo ukaandikwa kama vitu vingine. Alilipa kidogo kidogo mpaka ukaisha. Kutoka kopo hilo watoto wanne wamelipiwa ada ya mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Mmoja wa hao wanne ni mimi ninayeandika.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama motokaa ya fahari yaweza kuwa sadaka ya maskini, nitajibu: yaweza, kwa masharti manne. Sharti la kwanza, kitu kisichogawanyika kiuzwe, wala kisiletwe kama kilivyo mahali ambapo hakina kazi. Sharti la pili, auzaye awe mtu ajuaye thamani yake, asije akauza fahari kwa bei ya chuma. Sharti la tatu, kazi itakayofanywa itajwe kwa jina kabla ya mnada. Sharti la nne, hesabu iwekwe wazi mbele ya wale waliopewa, wala si mbele ya mtoaji peke yake. Likikosekana moja, motokaa ya mamilioni yaweza kufaa pungufu ya baiskeli ya mtu aliyehamia Kanada.

Liko jambo moja ambalo mnada hauwezi kulipima. Motokaa ya Monaco ilitolewa na mtu ambaye hakuihitaji, na kampuni iliyoiunda ina nyingine nyingi. Jirani yetu alitoa kitu pekee chenye thamani nyumbani mwake, usiku wa kuamkia safari, wakati ambapo kila senti ingalimfaa ugenini. Zote mbili zimesaidia watu, nami nazishukuru zote mbili. Lakini hazikumgharimu kila mtoaji sawasawa.

Ndugu zetu wa zamani, wengi wenu hamna motokaa za mbio, nami najua. Huenda mnayo saa isiyovaliwa, kamera iliyo kabatini, au pikipiki iliyofunikwa turubai tangu mlipopata gari. Viulizieni bei kwa mtu ajuaye. Chagueni kazi moja, mkiwa na daftari moja na mashahidi wawili. Nanyi wanafunzi wenzangu, hoja hii ikirudi chumbani, msipoteze muda kuuliza kama magurudumu yanalika. Ulizeni nani atashika daftari. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.